Kitavi, Fundi wa Mataji

Mamake Kitavi alikufa akiamini kwamba mwanawe anawafanyia kazi wafalme. Hakudanganywa na mtu. Kijana alitoka Makueni akaja kusomea kazi Nairobi, akarudi likizo, akamwambia mama kwamba sasa anajua kutengeneza mataji. Mama hakungoja maelezo. Kufikia Jumapili kijiji kizima kilishajua kwamba huko mjini kuna jumba ambamo mtoto wa Munyiva huunda vitu vya dhahabu vya kuvaliwa kichwani. Kitavi alijaribu kumweleza kwamba ni taji la jino, kofia ndogo ya kauri inayovishwa jino lililovunjika. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akacheka, akasema basi hayo meno ni ya wafalme, maana mtu mwingine yeyote jino likivunjika huling'oa akaendelea na maisha yake.

Mimi naitwa Maureen Ajwang, Mama Quincy kwa wenzangu. Nimekaa meza ya pili kutoka dirishani katika maabara yetu ya meno, Upper Hill, kwa miaka kumi na mmoja, na meza ya dirishani ni ya Kitavi. Kati ya watu wote niliowahi kufanya kazi nao, yeye ndiye mkaidi zaidi na ndiye mpweke zaidi, na sijui lipi lilizaa lingine.

Kazi yetu haina shukrani, wacha niseme. Daktari wa meno ndiye anayeona mgonjwa. Sisi tunaletewa mfuko wa nailoni, ndani yake nakala ya kinywa cha mtu iliyofinyangwa kwa plasta, na karatasi yenye namba. Jina halipo. Tunaunda taji, tunalichoma kwenye tanuri, tunalipaka rangi, mtu wa bodaboda analibeba, basi. Miaka thelathini na mmoja Kitavi amevalisha watu meno bila kuona hata uso mmoja. Kwa hivyo Jumamosi mchana alikuwa akitoka kwake Loresho, anakopanga chumba cha nyuma katika boma la watu wanaoishi ng'ambo, anakwenda mjini, anakaa bustani ya Jeevanjee karibu na vijana wachekeshaji wanaokusanya watu pale. Hakuwa anasikiliza vichekesho. Alikuwa anatazama wanaocheka, vinywa wazi, kama atabahatika kuona kazi yake. Aliniambia ameshaona mataji yake matatu. Nilimuuliza kama aliwasalimu hao watu. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la wendawazimu.

Kanisani kwao Kangemi nako alikuwa na sifa yake. Mchungaji aliposikia kwamba mzee huyu ni fundi wa mataji, alimpa kazi ya kuunda taji la miiba la igizo la Pasaka. Kitavi alilifanya wiki mbili. Lilikuwa la kutisha kwa nje, lakini kwa ndani alikuwa ameusaga kila mwiba mpaka ukawa butu, na lilimkaa kijana wa kwaya utosini bila kumkwaruza. Mchungaji alihubiri siku ile kuhusu taji linalotungoja mbinguni. Kitavi alikuja Jumanne akalalamika kwamba mchungaji hakusema litakuwa la kipimo gani, na kwamba taji lisilopimwa halimkai mtu. Ndivyo alivyo. Ukimwacha na Mungu mwenyewe, atamuuliza vipimo.

Zamani tulimwita Baba Munyiva. Mkamba humpa binti wa kwanza jina la mama wa mume, kwa hivyo binti yake alikuwa Munyiva kama nyanyake, na Kitavi hakuwahi kumwita kwa jina. Alimwita Mwaitu, yaani mamangu. Mtoto alilelewa Makueni na huyo nyanya mpaka akafika miaka minane, kwa sababu Kitavi na mkewe Kavutha walikuwa wanabanana katika chumba kimoja Kangemi na hawakuwa na wa kumwachia. Kule walikunywa maji ya kisima chenye madini, na meno yake makubwa yalipoota yalitoka na mistari ya kahawia, kama chai imemwagikia kitambaa. Watoto wa Nairobi hawana huruma. Munyiva alijifunza kucheka na mkono mdomoni, na baada ya kufika miaka kumi na miwili akaacha kuutoa kabisa. Kavutha alifariki msichana akiwa kidato cha pili, wakabaki wawili.

Siku aliyokuja maabara nilikuwepo, na ndiyo maana naiandika hadithi hii. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Kulikuwa na kijana aliyemtaka, na wazee wa kijana walikuwa waje kuleta mbuzi wa mahari. Aliniamkia, "Shikamoo Auntie," akavuta kigoda karibu na babake, akaomba avishwe mataji sita, meno yote ya mbele, kabla ya siku hiyo.

Kitavi alikataa papo hapo. Taji haliingii juu ya jino hivi hivi. Lazima jino likatwe kwanza pande zote, libaki kijiti. Kwa jino lililovunjika ni dawa, kwa jino zima ni hasara, na huo kwake ulikuwa msimamo wa maisha.

"Jino zima halikatwi, Mwaitu," alisema. "Yakikatwa leo, ukifika miaka hamsini utabaki na visiki."

"Baba, hao watu unawatengenezea kila siku huwajui hata majina. Mimi ndio unaninyima?"

"Nakunyima kwa sababu nakujua."

"Kwa hivyo niende mbele ya wakwe mdomo umefungwa?"

Alikuwa amechoka, tanuri lilikuwa limemuharibia kazi mbili asubuhi hiyo, na ulimi ukamtangulia. "Kama huyo kijana anataka vitu vyeupe," alisema, "si aoe sahani."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka, na wengine meza za nyuma wakacheka kwa sababu mimi nimecheka. Munyiva alimtazama babake, kisha akanitazama mimi, mkono ukiwa mdomoni. Aliondoka bila kuaga. Mbuzi hawakuletwa. Huenda kijana alikuwa na sababu zake, wavulana hawakosi sababu, lakini msichana alijua wa kulaumu. Alibadilisha namba ya simu, akahama, tukasikia yuko Kilimani na kazi nzuri ya ofisi. Kitavi aliandika ujumbe kwa namba ya zamani kwa mwaka mzima. Halafu siku moja nikamwita Baba Munyiva, nikimpa chai, hakuitika. Nikarudia. Akasema, bila kuinua kichwa, "Niite Kitavi." Miaka sita tukamwita hivyo.

Mwezi wa tatu mwaka huu uliletwa mfuko kutoka kliniki ya Daktari Nakhumicha, Kilimani. Namba mia nne kumi na mbili. Mwanamke, miaka thelathini, jino la mbele la juu upande wa kulia, limevunjika, rangi ilingane na meno jirani. Nilimpa Kitavi kwa sababu meno ya mbele ni yake.

Baada ya muda niligundua kwamba mashine yake imenyamaza. Alikuwa ameiinua ile plasta dirishani na kidole gumba chake kiko juu ya jino la kushoto, jirani wa lile lililovunjika. Jino hilo lilikuwa limepungua kona. Nilimwona akiisugua ile kona polepole, huku na huku.

"Mama Quincy, kuja uone hii mdomo," aliniita.

Nikaenda. Niliona mdomo kama midomo mingine, jino moja la pembeni limegeuka kidogo kama mtu anayesikiliza mlangoni. Nikamwambia hiyo ni mia nne kumi na mbili.

"Huyu ni mamangu," akasema.

Nilidhani uzee umempiga. Kisha nikakumbuka anayemwita hivyo. Akanieleza. Munyiva akiwa na miaka tisa, kwenye harusi ya mjomba wake, alifungua soda kwa meno, kifuniko kikang'oka na kona ya jino. Kitavi alimleta hapa hapa maabara akailainisha ile kona kwa mkono wake, ili isimkate ulimi. Fundi hasahau mkono wake. Na jino lile lililogeuka lilikuwa la nyanya mtu, Munyiva wa kwanza, yule mama wa wafalme.

Nilimwambia apige simu aulize jina. Hakutaka. Kliniki haitoi majina, na hata ikitoa, atasema nini? Kwamba yeye ni nani? Lakini kulikuwa na njia ya kazi, na njia hiyo ni halali, ingawa Kitavi hakuwahi kuihitaji. Jino la mbele likiwa na rangi ngumu, fundi anaweza kuomba mgonjwa aje maabara, akae dirishani, achaguliwe rangi kwa macho. Nilipiga simu mimi. Kliniki ikasema sawa, tutamleta wenyewe Jumatano saa nne.

Jumatano Kitavi alikuja amenyolewa, na koti lake la bluu la kanisani. Alipangusa kigoda cha mgeni mara mbili. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Hakugusa kazi yoyote. Alikuwa amepanga brashi zake kwa urefu, kisha akazipanga upya. Saa sita na nusu simu ya maabara ikalia, na ilikuwa picha, na chini yake maneno ya kliniki: mgonjwa amebanwa na kazi, tafadhali tumieni picha hii.

Nilimpa simu. Mnajua picha zetu zilivyo. Midomo imevutwa kando kwa vishikio vya plastiki, hakuna pua, hakuna macho, ni ufizi na meno tu. Baba hajamwona mwanawe miaka sita, na alichotumiwa ni hicho. Aliikuza kwa vidole viwili, jino moja baada ya lingine. Mistari ya kahawia ilikuwa pale pale.

"Hajayakata," alisema. Sauti haikuwa yake. "Hata moja. Ako na pesa yake, angeenda kwa yeyote. Hajayakata."

Nilitoka nikaenda kusimama kwenye ngazi, maana nilihisi nitalia na sikuwa na haki hiyo.

Taji lile alilifanya siku tatu. Nimeona kazi nyingi nzuri lakini sijaona nyingine kama hiyo. Kila mstari wa kahawia aliuweka kwa brashi yenye unywele mmoja, akachoma, akaongeza, akachoma tena, mpaka lilipokaa kwenye plasta kando ya picha hungejua lipi lilizaliwa na lipi liliumbwa. Nilimwambia alifunge, mtu wa bodaboda anakuja saa nane.

Nilipogeuka kuchukua karatasi ya kutia sahihi, nikaona mataji ni mawili. Lile la kahawia lilikuwa limebaki juu ya plasta. Ndani ya kibahasha alikuwa ametia lingine, jeupe kama maziwa, rangi ya mwisho kabisa kwenye kipimo chetu, ile tunayowatengenezea watu wa televisheni.

Kwetu hakuna kitu kinachotoka kabla mtu wa pili hajakitazama na kutia sahihi. Tunaita jicho la pili. Jicho la pili la Kitavi ni mimi.

"Hii haikai," nilimwambia.

"Najua."

"Itarudishwa."

"Ikirudishwa," alisema, "lazima mwenyewe aje nayo."

Nikamwelewa. Daktari hujaribisha taji kwanza kabla ya kuligandisha. Taji la mbele likikataliwa kwa rangi, halirudishwi kwa bodaboda. Mgonjwa mwenyewe huletwa kwa fundi. Katika miaka thelathini na mmoja Kitavi hajawahi kurudishiwa taji kwa sababu ya rangi. Hilo ndilo jambo pekee ambalo ningesema alijivunia duniani, na alikuwa analitupa kwa makusudi ili msichana aketi kwenye kigoda kile dakika ishirini. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Ningekuwa fundi mwaminifu ningekataa. Lakini nilikumbuka kile kicheko changu, na nikatia sahihi.

Jumatatu ndiyo siku ambayo Munyiva alikuwa ajaribishiwe. Kitavi alivaa koti la bluu tena. Saa nane na robo simu ikalia, na alikuwa Daktari Nakhumicha mwenyewe, si karani wake, na alikuwa na hasira. Aliniuliza kama siku hizi tunafanya kazi macho yamefumbwa. Nikamwambia pole daktari, mlete mgonjwa tutalirekebisha leo leo. Kisha akasema si lazima, ameshaligandisha.

Nilimuuliza ameligandishaje na rangi si yake. Ndipo akanieleza. Mgonjwa alipewa kioo, akajitazama muda mrefu. Daktari akamwomba radhi, akamwambia atampeleka kwa fundi Upper Hill akatazamwe. Mgonjwa akauliza ni maabara gani. Akatajiwa. Akauliza kama kuna mzee anayekaa dirishani. Daktari hakujua. Mgonjwa akarudisha kioo na kusema: "Weka tu hivyo. Hii nilimwomba miaka sita imepita." Halafu akacheka, na akaendelea kucheka, ikabidi daktari angoje atulie ndipo aligandishe. Alipomaliza akampiga picha ya mwisho, kama kawaida ya kliniki, na akasema atanitumia.

Nilimuwahi kabla hajakata simu. Nilimwomba amwambie mgonjwa huyo kwamba kuna Auntie wa meza ya pili anayemwomba msamaha kwa kucheka. Daktari aliniuliza kucheka nini. Nikamwambia yeye anajua. Hadi leo sijajibiwa.

Kitavi alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilimweleza neno kwa neno, sikupunguza. Hakuuliza habari za rangi.

"Alicheka?"

"Alicheka."

"Mkono ulikuwa mdomoni?"

Picha ilikuwa imeingia. Nikampa. Hii haikuwa na vishikio. Ilikuwa mdomo wa mtu anayecheka, wazi kabisa, kidevu na nusu ya pua, meno yote ya kahawia na katikati yake jino moja jeupe linalopiga kelele. Mkono haukuwepo. Kitavi aliishika simu kwa mikono miwili. Machozi yalimtoka waziwazi mbele ya maabara nzima na hakuyafuta, na mimi sikujua niweke wapi mikono yangu.

"Rangi imekataa kabisa," alisema baadaye. "Kazi mbaya hivyo."

Kisha akakaa, na nikaona hesabu nyingine ikimjia. "Sasa hatakuja," akasema. Kweli, hakuwa na sababu tena ya kuja. Jino lilishagandishwa. Alijua babake yuko wapi, Kilimani na Upper Hill ni pua na mdomo, na alikuwa amechagua kwenda nyumbani. Nilimkasirikia yule msichana siku ile. Nilimkasirikia mpaka usingizi ukanipaa. Asubuhi nikajiuliza ni nani kati yetu aliyecheka kwanza.

Wiki hiyo Kitavi alilitia lile taji la kahawia kwenye kisanduku pamoja na plasta yake. Visanduku vyetu vyote vina namba. Hiki alifuta namba, akaandika jina kwa kalamu nzito: Munyiva Kitavi. Akakiweka kwenye droo yangu, si yake.

Nilimuuliza kwa nini kwangu.

"Taji likigandishwa vizuri linakaa miaka kumi, kumi na tano," alisema. "Mimi niko na hamsini na nane. Likitoka na mimi sipo, atakuja kwa maabara. Mpe hii. Mwambie ndiyo yake."

Nilikwenda kumimina chai, nikarudi na vikombe viwili, nikamwita kwa jina ambalo sikuwa nimelitumia kwa miaka sita. Nilijua huenda asiitike.

"Baba Munyiva."

Alikuwa ameinamia tanuri, mgongo kwangu. "Naam," akasema, na akanyoosha mkono apokee kikombe.